Pua ni Nzima

Pua haipendi kishindo, na mimi sipendi watu wanaoingia bila hodi, kwa hiyo asubuhi ile Bwana Shekalaghe alituudhi wote wawili kwa mpigo mmoja. Aliusukuma mlango wakati nadondosha maji ya sukari, mkono ukanicheza, tone likaangukia pembeni, na Pua ikanywea ndani ya kioo chake ikageuka rangi ya majivu.

"Mkurugenzi, jamani! Hodi inauzwa?"

"Samahani, Tumu. Imeumia?"

"Imenuna. Ikishanuna ndiyo hivyo tena, mpaka jua lipande."

Sikuwa natania. Ile ilikuwa nyama hai. Mbegu yake ilitoka kwa panya buku wa Morogoro, wale ambao enzi za babu zetu walifundishwa kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Wataalamu walichukua utando wa ndani ya pua ya panya, wakauotesha kwenye jeli, ukakua mpaka ukaenea kama sinia la pilau. Haina macho, haina tumbo la maana, haina mapenzi na mtu. Ukiipitishia hewa ya kontena, au ya begi, au ya shingo ya binadamu, inanusa, na nyaya zilizochomekwa ndani yake zinachora mti kwenye skrini, kila harufu na tawi lake. Kazi yangu ilikuwa kuilisha, kuipima na kuisemea. Cheo changu kiliitwa Mlezi wa Pua, Kituo cha Tatu, Tanga, na shangazi zangu hawajaacha kunicheka mpaka leo.

"Alhamisi kuna Baraza," Bwana Shekalaghe akasema. "Kituo cha Saba wamemhukumu mtu wetu. Kitanzi. Mkataba unataka mlezi wa bandari aliyotokea athibitishe kabla hawajatekeleza. Utasimama, utasema Pua ni nzima, utakaa."

Nilishayasema maneno hayo mara nyingi, na kila mara nililala vizuri.

"Mtu gani huyo?"

"Mchuuzi wa vitambaa. Hidaya Mgaza."

Chupa niliiweka chini, maana ningeivunja. Da Hidaya ndiye aliyenishonea gauni la harusi. Alinipima kiuno akaniuliza kama naolewa au natoka kuugua.

"Huyo hata kahawa hanywi, Mkurugenzi. Anasema inamwendesha moyo."

"Pua haimjui anakunywa nini. Ndiyo maana tunaiamini."

Hakuwa mtu mbaya, Bwana Shekalaghe, na naomba hilo lieleweke. Sumu iliyokuwa inatumaliza miaka ile iliitwa chokaa. Wapishi wake walibadilisha mchanganyiko kila mara, na maabara za forodha zikabaki zinatafuta mchanganyiko wa jana. Pua haikutafuta sumu. Ilitafuta jiko: maji yaliyotumika, shaba ya sufuria, tindikali, jasho la wapishi. Jiko halibadiliki haraka, na harufu yake inamng'ang'ania aliyelikaribia, aoge asioge.

Lakini chokaa ilipikwa nchi hii, ikapakiwa ile, ikauzwa ya tatu, na nchi hizo hazikuaminiana hata kwa kikombe cha chai. Kila moja iliogopa kwamba jirani ataifundisha Pua yake kuwasamehe watu wake na kuwaonea wa wenzake. Bwana Shekalaghe alizeeka kwenye viwanja vya ndege akiwabembeleza mawaziri, mpaka nchi saba zinazotazamana na bahari moja zikakubali: Pua saba, somo moja, na asiwepo wa kuigusa yake peke yake. Somo la Kwanza lilifundishwa hapa hapa Tanga, kisha likapelekwa kwenye vituo vyote. Na sharti likawekwa, ambalo bila lenyewe asingesaini mtu. Somo likionekana bovu, kila hukumu iliyosimama juu yake inaanguka, katika nchi zote saba.

Pua hiyo ndiyo iliyomtia Feruzi ndani.

Feruzi alikuwa na jiko nyuma ya mashamba ya mkonge, na alimfanya mdogo wangu Mbwana kuwa muonjaji. Wapishi wa chokaa hawajaribu chakula chao. Wanatafuta kijana aliyekwisha kunasa, wanampa kila mchanganyiko mpya, wanakaa kumtazama. Siku moja Mbwana alitoka huko kwa miguu mpaka kwenye ngazi za nyumbani kwetu, akaketi, akamwomba mama maji. Mama alipotoka na kikombe, mwanawe alikuwa amekwisha kufa. Mahakama zetu hazikumkuta Feruzi na kitu. Kituo cha Tano walimnusa bandarini kwao wakamfunga maisha, na siku habari zilipofika mama alikula sahani nzima ya wali, mtu ambaye tangu msiba alikuwa anadonoadonoa tu.

Basi nikamwambia Bwana Shekalaghe sawa, nitaipima, kama kawaida. Akashukuru na kufunga mlango polepole.

*

Mchana ule nilimpigia Inspekta Nirosha wa Kituo cha Saba. Tulikuwa tumefanya kazi pamoja kwa miaka bila kuelewana hata neno. Katikati yetu alikaa mkalimani, mashine yenye Kiswahili cha msoma taarifa ya habari. Siku hiyo Nirosha alikuwa na mafua makali, leso haimtoki usoni.

"Salamu za heshima zikufikie, Bi Mwanatumu," mkalimani akasema, ingawa niliona kwa macho yangu kwamba Nirosha amepiga chafya tu.

"Nionyeshe mzigo wake."

Akafungua begi mbele ya kamera. Mabaibui yaliyokunjwa vizuri, vitenge, doti za kanga, na kopo la maziwa ya unga lililojaa vipande vyeusi.

"Mshtakiwa anadai kwamba haya ni manukato ya kuchoma," mkalimani akasema. "Mimi binafsi kwa sasa sinusi chochote."

"Ni udi," nikasema. "Nguo zote hizo zimefukizwa. Nipe mti wake."

Mti ukaja kwenye skrini yangu, tawi la jiko limewaka jekundu toka shinani. Hapo ndipo mlezi anapothibitisha na kwenda kula. Tawi hilo mkataba umelifunga, huruhusiwi kulibadilisha, lakini kulifunua ukatazame vitawi vyake hakuna anayekataza. Tulikuwa hatulifunui kwa sababu lilikuwa halijawahi kutukosea. Nililifunua kwa ajili ya gauni langu la harusi, sina sababu nyingine ya kitaalamu.

Upande wa kushoto palikuwa na tindikali, shaba, jasho. Vyote vimekauka, havina hata dalili. Upande wa kulia uliwaka moto: sukari iliyoungua, waridi, sandali, na kitawi chembamba ambacho mashine ilikiita gamba la konokono wa baharini.

Katika Tanga nzima namjua mtu mmoja tu anayesaga gamba la konokono akatia kwenye udi wake, na alinizaa.

"Nirosha, kwa nini Pua yako imejifunza kwamba sukari na waridi ni jiko la chokaa?"

Mkalimani akatafsiri. Nirosha akashusha leso.

"Somo ni moja," akajibu. "Iliyojifunza yangu ndiyo iliyojifunza yako."

"Yangu haijawahi kulia mbele ya udi!"

Nikajijibu mwenyewe kabla hajafungua mdomo. Kila Pua, baada ya somo, hufundishwa kusahau harufu za mji wake, la sivyo ingelia mchana kutwa. Yetu iliambiwa isahau samaki, mkonge, machungwa ya Muheza, dizeli, na udi. Zile sita nyingine hazikuambiwa kitu kuhusu udi, kwa sababu kwao haupo. Nikakumbuka vijana wa Pangani waliokamatwa Kituo cha Nne mwaka juzi. Mmoja alikuwa bwana harusi, na mimi ndiye niliyesimama nikasema Pua ni nzima.

"Anataka kukuona," Nirosha akasema. "Nimempa dakika chache. Hairuhusiwi, kwa hiyo usiniulize."

Da Hidaya akaletwa. Wamemvisha nguo ya kijivu isiyomkaa mabegani, na yeye, mshonaji, alikuwa anaivutavuta tu.

"Tumu? Ni wewe, mwanangu?"

"Ni mimi, Da Hidaya. Pole."

"Nishapoa. Waambie basi mimi ni nani. Hapa nikisema, kile kichuma kinanitafsiri mpaka nasikika mtu mkubwa." Alicheka, halafu midomo ikamtetemeka. "Bi Kibibi hajambo? Mwambie udi wake umefika salama kuliko mimi."

*

Mama nilimkuta uani, sufuria iko motoni, anakoroga sukari ikibadilika rangi. Bi Kibibi hana umri wa kukaa na moto mchana ule, lakini nani atamwambia? Nyumba yetu nzima inanuka udi wake, mapazia, mito, hata mayai ukiyavunja unadhani yanatoka harusini. Kitu kimoja tu hakijawahi kupata moshi. Ni lile shati alilofia Mbwana, ambalo mama alilitia kwenye mfuko wa nailoni siku ile ile, akaubana kwa moto wa mshumaa, akauweka chini ya kasha. Hakulifua wala hakulifukiza. Alisema hakubakiwa na kitu cha Mbwana isipokuwa harufu yake, na hiyo haendi kuichanganya na nyingine.

"Mama, shikamoo. Siku ile ya wageni wa Mkataba, waliokuja kufundisha Somo, uliwafukiza?"

"Marahaba. Swali gani hilo? Bosi wako si ndiye aliyenifuata hapa, Bi Kibibi njoo utukaribishie wageni. Watu wametoka mbali, wananuka ndege. Niwaache?"

"Wote?"

"Wote. Yule mama mwembamba mwenye sanduku la bati alisita, nikamwambia usiogope mwanangu, hapa kwenu. Nikamzungusha chetezo kichwani, mabegani, na sanduku lake nikalipa haki yake."

"Sanduku ulilifukiza?"

"Mgeni anafukizwa na mzigo wake, Tumu. Umelelewa wapi wewe?"

"Lilikuwa limefungwa?"

"Ndiyo kwanza wanalifungua. Nikasema, ngojeni kwanza. Wakangoja, watu wa adabu wale."

Niliketi kwenye kigoda. Sanduku la bati ndilo lililobeba hewa ya jiko la chokaa lililokamatwa, hewa ambayo Pua zote saba zilifundishwa. Mbele ya mabalozi na mawaziri, mama yangu alilijaza moshi wa harusi, na hakuna hata mmoja aliyemzuia, kwa sababu wenyeji waliona ni heshima na wageni waliogopa kuikataa.

Nikamweleza. Nilimweleza pole pole, kuhusu tawi, kuhusu vitawi, kuhusu Hidaya na kitanzi. Aliacha kukoroga. Sukari ikaanza kuungua kupita kiasi, yeye haioni.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema.

"Siyo wewe, mama. Ni sisi sote."

"Na ukisema?"

"Hidaya anarudi."

Alinitazama sana. Mama si mtu wa kuzungushwa.

"Na Feruzi?"

Nikaushika mwiko, nikaanza kuikoroga ile sukari.

"Nimekuuliza, Tumu. Na Feruzi?"

"Somo likianguka zinaanguka zote. Naye anatoka."

Aliitoa sufuria motoni kwa mikono mitupu, akaitua chini, hata hakupuliza vidole.

"Basi nyamaza."

"Mama!"

"Nyamaza, nimesema! Hidaya nampenda, Mungu anajua. Mbwana nimemzaa. Aliniomba maji, Tumu. Maji tu, na sikuwahi. Leo unataka yule mtu apite hapa mbele ya mlango wangu anisalimie?"

Nilimchukia pale pale. Halafu nikajichukia mimi zaidi, kwa sababu alichokisema ndicho nilichokuwa nakiwaza njia nzima kutoka kituoni, ila yeye alikuwa na ujasiri wa kukitamka.

*

Bwana Shekalaghe alinisikiliza hadi mwisho, amesimama dirishani, amenipa mgongo.

"Tutalirekebisha," akasema. "Taratibu. Kuna mkutano mkuu mwakani."

"Na Hidaya?"

"Kuna majiko tumeyafunga, Tumu. Kuna vijana wako darasani sasa hivi ambao wangekuwa makaburini. Ukilivunja hili, hawa watu hawatakaa meza moja tena. Nawajua. Nimewabembeleza mimi."

"Nimeuliza Hidaya, Mkurugenzi."

Aligeuka, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Lakini hakunikataza. Alhamisi asubuhi alivaa suti yake ya kutia saini, akakaa mstari wa mbele, mikono juu ya magoti, kama anayengoja daktari.

Ukumbi wa kituo chetu ulikuwa wazi kwa ndugu wa mhukumiwa, ndivyo mkataba ulivyotaka. Nilimwona dada yake Hidaya nyuma kabisa. Na pembeni yake, sikuamini, ameketi mama, kajitanda kanga mpaka machoni. Nikajua amekuja kuhakikisha nanyamaza.

Skrini sita zikawaka. Mwenyekiti, mzee mmoja wa Kituo cha Kwanza mwenye nyusi kama mswaki, akasoma jina na hukumu. Mkalimani akaniita.

Nikasimama. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, nimeyazoea, yangetoka yenyewe. Nikamwona Da Hidaya kwenye skrini ya Kituo cha Saba, anavuta ile nguo ya kijivu mabegani.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, kabla sijathibitisha, naomba Inspekta Nirosha achome kipande kimoja cha udi kutoka kwenye kopo la mshtakiwa, mbele ya Pua yake."

Minong'ono. Nirosha hakuuliza. Hakuwa na mkaa, hakuwa na chetezo, akawasha jiko la umeme la kupashia chai, akatupa kipande juu ya koili. Moshi ukapanda. Pua ya Kituo cha Saba ikapiga ukelele wake, ule wa jiko la chokaa, mpaka Nirosha akaziba masikio.

"Basi shauri limekwisha," Mwenyekiti akasema, na mkalimani akaiga hata ukali wake. "Manukato haya yametengenezwa kwenye jiko la sumu. Mkataba unasema jiko likijulikana litataifishwa na mpishi wake atakamatwa leo hii. Mlezi, taja aliyeyatengeneza."

Hilo sikulitegemea, nawaambia kweli. Nilidhani nitathibitisha kosa la mashine. Sikufikiri kwamba mashine ikiaminiwa, kosa litahamia kwa mtu. Nikimtaja, wanamchukua. Nisipomtaja, wanamnyonga Hidaya, na mwenye udi wanamtafuta vile vile.

"Mlezi?"

"Mimi hapa."

Mama alikuwa amesimama. Kanga imemshuka mabegani.

"Mimi ndiye mpishi. Naitwa Kibibi binti Mwinyihaji, jiko langu njooni mlipekue, mtakuta sukari na waridi. Lakini na ninyi mkapekuliwe, maana siku ile mlangoni hapa niliwafukiza wote kwa udi huu huu. Wewe Mwenyekiti uliniomba na kipande ukampelekee mkeo. Nikawafukiza ninyi na sanduku lenu. Kama huu ni moshi wa sumu, mmeuvuta wenyewe na mmewafundisha hao wadudu wenu mnaowaita Pua."

Kwa mara ya kwanza mkalimani alichelewa. Sijui alihangaika na neno gani.

Kisha Nirosha akasogea kwenye kamera yake, pua nyekundu, macho mekundu.

"Mimi ndiye niliyelibeba sanduku," akasema. "Namkumbuka mama huyu. Lilikuwa wazi. Alizungusha moshi juu yake na mimi sikusema kitu. Ningesema, ndiyo ilikuwa kazi yangu. Nilidhani ni heshima."

"Ilikuwa heshima, mwanangu," mama akamjibu.

Nikayasema basi. "Pua si nzima."

Skrini zikazimika moja baada ya nyingine. Bwana Shekalaghe akainama akaufunika uso kwa viganja.

Nilimuuliza mama njiani kilichombadilisha.

"Yule dada yake Hidaya," akasema. "Nilikaa naye bega kwa bega. Alikuwa ananuka udi wangu. Alijifukiza, Tumu, ndipo akaja kusikia ndugu yake anauawa."

*

Da Hidaya alirudi. Amekonda, na sasa hivi ukimwambia safari anashika kiti. Vijana wa Pangani walirudi, bwana harusi akamkuta mke ameolewa na mtu mwingine. Na Feruzi alirudi, kanenepa, kavaa kanzu nyeupe, akawa anakunywa kahawa mtaani Ngamiani kila alasiri. Mama alipopita mara ya kwanza alimwamkia, "Shikamoo Bi Kibibi," kwa adabu zote. Mama hakujibu. Alifika nyumbani akatapika.

Chokaa nayo ilirudi. Pua zote saba zilifungiwa, na vituo vikaanza kurushiana lawama, kila kimoja na yake. Nirosha peke yake ndiye aliyeendelea kupiga simu. Alisema Baraza limekubali jambo moja la mwisho, kujaribu Somo la Pili, lakini hakuna cha kufundishia. Sampuli zote za dunia hii zilitoka kwenye lile sanduku la bati. Majiko yaliyobaki yamehama, hayajulikani yalipo. Tunahitaji kitu kimoja kilichotoka jikoni moja kwa moja, kikahifadhiwa bila hewa, bila sabuni, bila moshi.

"Kitu kama hicho hakipo," mkalimani akasema kwa niaba yake, kwa sauti ile ile ya taarifa ya habari.

Mama alikuwa nyuma yangu, ameniletea chakula. Sikujua kwamba anasikiliza.

"Kipo," akasema.

Nikamkatalia. Nilimwambia ukiufungua ule mfuko wa Mbwana umefunguliwa, hewa ikishatoka hairudi, hutakuwa na kitu tena. Aliniambia nisimfundishe mambo ya harufu.

Wajumbe walikuja, wachache kuliko mara ya kwanza, na wote walipofika mlangoni walisita, wakitafuta chetezo kwa macho. Hapakuwa na moshi. Mama alisimama pale na kanga iliyofuliwa kwa maji matupu, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe hakunuka kitu chochote. Aliwapa mikono tu. Nirosha alimshika mikono yote miwili, akakawia kuiachia.

Tulipouweka mfuko mbele ya Pua mama akaomba aanze yeye. Hakuna aliyemkatalia. Aliupasua upenyo mdogo kwa meno, akauweka usoni, akavuta pumzi. Mabega yalimpanda, yakakaa juu, hayashuki. Halafu akanisukumia mfuko.

"Chukua upesi, kabla sijabadili nia."

Pua ikanusa. Mti ukachipua kwenye skrini yangu na kwenye skrini za vituo vyote: tindikali, shaba ya sufuria, maji ya mtoni, jasho la Feruzi na wapishi wake. Safi. Hakuna waridi, hakuna sukari. Kabla jua halijatua Feruzi angekuwa ananuka katika bandari saba.

Kilibaki kitawi kimoja kidogo, pembeni. Mashine ilikiandikia: jasho la binadamu, mmoja, hajulikani.

Mama hasomi skrini, lakini alikiona.

"Na hicho?"

"Ni yeye, mama."

"Kinakaa humo?"

"Hakiwezi. Kikibaki, Pua zitakuwa zinamtafuta yeye. Ili somo liwe zima inabidi niziambie zimsahau."

Kidole changu kilikuwa tayari juu ya kitufe. Wajumbe walikuwa wananitazama, na kwenye skrini watu wa vituo vingine walikuwa wameinuka vitini. Mama akauweka mkono wake juu ya wangu, ule wenye makovu ya sufuria.

"Ngojeni kwanza," akasema.

Mkalimani akatafsiri kwa lugha zote, na nchi saba zikangoja.